Uwanja Usiofagiliwa

Mwaka wa tano tangu garimoshi lifike Mpanda, mwezi wa tisa, Romana aliteleza kwenye jiwe la kisimani akavunjika kifundo cha mkono wa kulia. Jiwe lenyewe alikuwa akilikanyaga asubuhi na jioni tangu aolewe, miaka thelathini na miwili, na siku hiyo halikuwa na utelezi kuliko siku nyingine. Mzee mmoja wa Usevya anayejua kuunga mifupa alimnyoosha mkono, akaufunga kwa vipande viwili vya gome na kamba za mti, akamwambia asiutumie mpaka siku ya kupanda mpunga. Romana akauliza, na kufagia je? Mzee akasema kufagia ndiyo kabisa asijaribu.

Katika Mpimbwe ya siku zile uwanja wa mwanamke ulisema habari zake kabla hajafungua mdomo. Ulifagiliwa jua halijapata joto, ukafagiliwa mpaka mistari ya ufagio ikaonekana mchangani kama nywele zilizochanwa. Mwanamke ambaye uwanja wake una majani ama ni mgonjwa, ama amefiwa, ama ni mvivu, na watu hawakukawia kuchagua lililo la tatu. Romana alikuwa mjane wa Fabiani, mwaka wa nne sasa, na mwanawe wa pekee, Evodi, alikuwa mgodini Mpanda. Nyumba yake ilikuwa katika boma moja na ya shemeji yake Severini, mdogo wa marehemu, na mkewe Marsela. Hapakuwa na ua kati ya nyumba hizo mbili. Kwa siku nne za kwanza Marsela alifagia viwanja vyote viwili, siku ya tano akasema viwanja ni viwili lakini mgongo ni mmoja. Tangu hapo mtu aliweza kuona ufagio wa Marsela unapoishia: upande huu ardhi nyeupe, safi kama sahani, upande ule majani, manyoya ya kuku na maganda ya karanga.

Basi Romana alikaa. Hakuwa amezoea kukaa. Aliweka kigoda chake mlangoni, mkono umelala mapajani kama mtoto wa mtu mwingine, akatazama uwanja wake unavyochafuka. Ndipo alipowaona sisimizi.

Si kwamba hakuwajua. Walikuwa wale weusi, wa kawaida, wanaookota ulezi chini ya kinu, na kati yao wachache wenye vichwa vikubwa kuliko miili. Walikuwa na mashimo matatu uwanjani: moja karibu na jiwe la kusagia, moja karibu na kinu, na la tatu, lililokuwa chini kuliko yote, kwenye mguu wa uchaga wa kuanikia mahindi. Kila asubuhi ya miaka yake thelathini na miwili Romana alikuwa amekuta pete ndogo ya udongo kuzunguka kila shimo, akaifagia pamoja na takataka nyingine. Alidhani ni uchafu wanaoutoa ndani, kama mtu anavyomwaga majivu nje.

Sasa hapakuwa na ufagio, na pete zikakua. Baada ya wiki moja zilikuwa na upana wa kisahani. Baada ya mbili Romana aliona jambo ambalo alilitazama siku tatu kabla hajaliamini: hazikuwa sawa pande zote. Upande wa mlimani, maji ya mvua yanakotokea, udongo ulirundikwa juu. Upande wa mtoni ulikuwa chini, umelala tu. Na juu ya udongo laini walikuwa wanapanga changarawe ndogo, moja moja, kila sisimizi na yake, kama mtu anayeezeka.

Siku moja alichukua maji ya kuoshea vyombo akayamwaga polepole upande wa juu wa shimo la karibu na jiwe. Maji yakateremka, yakafika kwenye pete, yakagawanyika kushoto na kulia, yakaungana tena chini yake na kwenda zake. Akaongeza, mpaka yakapanda pete. Hapo wale waliokuwa mlangoni wakaanza kuvuta vidonge vya udongo na maganda ya mtama kuziba shimo kwa ndani, na mmoja wa wale wenye vichwa vikubwa akaja akakiweka kichwa chake katikati ya tundu lililobaki, kikakaa pale kama kizibo cha kibuyu. Maji yakasimama juu yake. Waliochelewa kurudi hawakufunguliwa. Walihangaika kidogo, kisha wakapanda mabua ya majani yaliyokuwa karibu, wakang'ang'ania huko. Maji yalipokauka mlango ukafunguliwa, na walio juu ya majani wakashuka wakaingia. Baadaye walitoa punje za ulezi zilizolowa, wakazitandaza juani.

Romana alisimulia jambo hilo kwa Marsela, naye Marsela akamjibu kwamba mtu akikosa kazi huona mengi.

Lakini Romana alikuwa na kitu kilichomfanya afikirie maji. Mvua za mwaka uliopita zilikuwa chache, mpunga ulikaukia shambani, na katika mavuno yote ya boma lile kilibaki kilindo kimoja cha mbegu, kile cha gome la mti, kirefu hadi kiunoni mwa mtu. Desturi ya boma ilikuwa kwamba mbegu hukaa kwa mwanamke mkubwa. Kifuniko hukandikwa kwa udongo na majivu, na udongo ukiwa bado mbichi mwenye boma huukandamiza kwa kidole gumba. Kidole gumba cha Severini kilikuwa na kovu la shoka, limekatiza katikati, kwa hiyo alama yake ilijulikana na kila mtu. Siku ya kupanda huja yeye mwenyewe, akatazama alama yake, akaivunja. Mwaka huo hapakuwa na jirani mwenye mbegu ya kutoa hata kikapu. Kilindo kile kikiharibika, boma halipandi. Na mwanamke aliyekiharibu hapewi tena kutunza mbegu, jambo ambalo kwa mjane mwenye mtoto mmoja aliye mbali lilikuwa karibu sawa na kuambiwa ahame.

Na nyumba ya Romana ilikuwa mahali ambapo maji yaliweza kufika. Boma lilikuwa kwenye ukanda mwembamba kati ya mlima na mto Kavuu, na kilindo kilisimama ndani juu ya mafiga matatu, kimeinuka shubiri moja tu kutoka sakafuni.

Kosa lake lilikuja katikati ya mwezi wa kumi. Siku hiyo, adhuhuri, jua kali, mbingu haina hata wingu la kufutia jasho, Romana aliona mashimo yote matatu yanazibwa. Aliona kichwa kikubwa kikijipachika tunduni. Hakumngoja Severini, ambaye alikuwa ameenda kukata miti ya kujengea. Aliwaita vijana wawili wa jirani, wakakitia kilindo kwenye mti, wakakibeba mabegani hadi kwenye kanisa dogo la nyasi lililoko mlimani, kwa katekista Maximilian. Njiani mti uliteleza, kilindo kikagonga jiwe, na udongo wa kifuniko ukapasuka, ufa ukapita katikati ya alama ya kidole cha Severini.

Mvua haikunyesha. Jioni ile siafu walipita uwanjani, mstari mnene kama kamba ya kufungia mbuzi, wakazunguka mashimo yaliyozibwa, wakaenda zao. Romana akaelewa, akiwa amechelewa nusu siku. Kuziba peke yake si habari ya mvua. Sisimizi huzibia adui yeyote, na siku hiyo adui alikuwa na miguu.

Severini hakuwa mtu wa kupiga kelele. Alipanda mlimani, akautazama ufa, akakanda udongo mwingine, akaweka kidole upya. Kisha akamwambia shemeji yake mbele ya katekista, kwa sauti ya mtu anayeomba maji ya kunywa:

"Shemeji, mimi nakuheshimu. Lakini mbegu hii ikirudi nyumbani kwako, isivuke tena kizingiti mpaka siku ya kupanda. Niahidi."

Romana akaahidi. Maximilian akasema amesikia.

Kijijini walipata la kusema kwa wiki mbili. Wanawake kisimani walimuuliza kama sisimizi wamesema chochote kuhusu ndoa ya fulani. Marsela ndiye aliyekuwa hodari kuliko wote, maana alikuwa karibu. Kila asubuhi alisimama pale ufagio wake unapoishia, akainua shingo:

"Mama Evodi, wazee wako wameamkaje? Nianike mahindi au nisianike?"

Romana alimjibu kwamba wameamka salama na wanamsalimu. Hakukasirika sana. Alikuwa amekosea, na mtu aliyekosea huchekwa; jambo hilo aliliona la haki. Lililomsumbua ni kwamba alitazama vibaya. Akarudi kwenye kigoda chake, akatazama tena, safari hii bila haraka.

Siku hizohizo Severini alikuja kuchimba udongo wa kuziba nyufa za ukuta, akachimba karibu na kinu, na jembe likakata nyumba ya sisimizi wale wa katikati, nusu ikabaki wazi kama chungu kilichopasuliwa. Romana alipiga magoti pembeni ya shimo. Njia ilishuka moja kwa moja, urefu wa mkono hadi kwenye kiwiko na zaidi, na kutoka njiani vyumba vilichepuka pembeni, sakafu bapa, na kila chumba kiliinuka kidogo kuliko mlango wake. Mayai meupe yalikuwa vyumba vya juu. Makapi yalikuwa chini kabisa. Severini naye aliinama, akatazama kwa muda mrefu, akasema hawa wamejenga kwa akili kuliko fundi aliyemjengea yeye. Alirudisha udongo kadiri alivyoweza. Lakini nyumba iliyokatwa na jembe hairudi ilivyokuwa, na wale wa kinuni hawakupata tena pete nzuri.

Mwezi wa kumi na moja, tarehe za mwanzo, Severini aliitwa msibani, mwendo wa siku moja na nusu, ng'ambo ya mto. Alitegemea kurudi Jumatano. Boma likabaki na wanawake wawili, kuku, na kilindo.

Jumapili, baada ya sala, Romana aliona pete zinapanda. Mashimo hayakuzibwa; pete zilipanda. Hakuna sisimizi aliyekwenda kutafuta chakula. Wote walikuwa wakitoka na kidonge cha udongo mdomoni, wanakiweka upande wa mlimani, wanarudi. Kufikia jioni pete ya karibu na jiwe ilikuwa na kimo cha vidole viwili. Jumatatu asubuhi wale wa mguu wa uchaga, ambao shimo lao lilikuwa chini kuliko yote, walikuwa wanahama kabisa: mstari mrefu, kila mmoja na yai lake jeupe, wanapanda nguzo ya uchaga na kuingia kwenye ufa wa mti. Mbinguni palikuwa na mawingu mepesi tu, na kila aliyeulizwa alisema mvua bado wiki mbili.

Romana alikaa akafikiri. Kuhamisha mbegu hawezi, ameahidi. Kuinyanyua hadi darini angeweza kama angekuwa na mikono miwili na mtu wa pili. Akaenda kwa Marsela, akamwomba wainue pamoja kilindo, waweke juu ya boriti za dari, ndani ya nyumba ileile, kizingiti kisivukwe.

Marsela alikuwa anapepeta. Hakuacha kupepeta.

"Halafu kidole cha mume wangu kipasuke tena, tuseme tulikuwa wawili," alisema. "Hapana, dada. Safari ile nilicheka kwa sababu simo. Na hii pia simo."

Romana aliona kwamba amesema kweli, akarudi kwake.

Hapo ndipo alipoanza kujenga. Alichukua udongo kwenye shimo lilelile alilochimba Severini, akaubeba kwa mkono wa kushoto ndani ya kipande cha chungu, safari moja baada ya nyingine, akaukanda kwa mguu. Alianzia ukutani upande mmoja wa mlango, akazungusha mbele ya kizingiti kama mwezi mchanga, akamalizia ukutani upande wa pili. Upande wa mlimani aliuinua hadi katikati ya paja lake. Upande wa mtoni aliuacha chini kidogo. Juu yake alipachika changarawe, akizikandamiza kwa kisigino cha kiganja. Kazi hiyo ilimchukua Jumatatu yote na Jumanne mpaka saa sita. Udongo wa chini ulikuwa umeshaanza kushika, wa juu bado.

Marsela alikuja akasimama mpakani mwa ufagio.

"Mama Evodi, unajenga kaburi la nani?"

"La maji."

"Na mkono?"

"Wa kushoto haukuvunjika."

Marsela alitazama uwanja ule, majani, mashimo, na sasa tuta la udongo mlangoni kwa mtu, akatikisa kichwa. Alisema, kwa sauti ya kujisemea lakini ya kusikika, kwamba zamani uwanja huu uliitwa uwanja wa mke wa Fabiani.

Saa nane mchana wa Jumanne mlima haukuonekana tena. Mvua haikuanza kijijini. Ilianzia huko juu, ikasikika kwanza kama watu wengi wanaotembea kwenye majani makavu. Kuku wa Marsela walipanda uchaga wa Romana wenyewe, bila kufukuzwa. Romana alitazama mashimo yake kwa mara ya mwisho. La karibu na jiwe lilikuwa limeshazibwa, kichwa kikubwa kimo tunduni. Akaingia ndani, akafunga mlango wake wa matete. Alikuwa ameshakoroga pumba na udongo kwenye kikapu, akashindilia mchanganyiko ule chini ya mlango na pembeni, kila penye mwanga. Kisha akaketi sakafuni, mgongo kwenye mlango, miguu imekanyaga figa moja la kilindo. Hakufanya hivyo kwa kuiga. Ni kwamba mlango wa matete hauna nguvu, na hapakuwa na kitu kingine kizito ndani ya nyumba ile isipokuwa kilindo na yeye.

Maji ya mlimani yalifika. Aliyasikia yakigonga tuta upande wa kushoto, kisha yakagawanyika, kisha yakapita. Baada ya muda sauti ikabadilika, ikawa nzito, na akajua kwamba mto nao umevuka kingo zake na maji hayana tena pa kwenda. Matete nyuma ya mgongo wake yakawa baridi. Unyevu mwembamba ulipenya pembeni. Aliuziba kwa pumba. Mafiga yalikuwa makavu.

Ndipo mlango ukagongwa.

"Mama Evodi, fungua. Maji yameingia kwangu."

Romana hakugeuka. "Yamefika wapi hapo nje?"

"Magotini."

"Na kwenye tuta?"

Marsela akatazama. "Yamebakiza vidole vitatu."

Romana alipiga hesabu. Mlango ulifungukia nje. Ukifunguliwa, pumba zote zinang'oka, na kila kilichopenya tuta kinaingia kwa mara moja. Na kuufunga tena kwa mkono mmoja hakuna. Shubiri moja ya mafiga isingetosha. Aliwakumbuka wale waliopanda mabua.

"Panda uchaga," alisema.

"Nini?"

"Uchaga wa mahindi. Ngazi iko upande wa kinu. Hapa nikifungua, mbegu imekwenda."

Mvua ilikuwa inanyesha kati yao, juu ya paa la mmoja na kichwani mwa mwingine.

"Unaniacha nje kama kuku."

"Kuku wako wako juu ya uchaga tangu saa nane," Romana akasema. "Waambie wakupishe."

Marsela akasema neno moja la Kipimbwe ambalo si la kuandikwa, na Romana akasikia ngazi ikilia. Kwa muda wote uliofuata alisikia sauti ya shemeji yake wa kike ikishuka kutoka juu pamoja na mvua. Alisema habari za mafiga, za wajane, za watu wanaofungia binadamu nje na kuwaweka wadudu ndani. Alisema atamweleza Severini, atamweleza Maximilian, atamweleza padre akija kutoka misheni. Romana alikubaliana na karibu yote. Alikuwa anasikiliza tuta.

Kisha sauti ya Marsela ikawa nyingine.

"Mama Evodi. Tuta lako linalika. Pembe ya mlimani."

"Kubwa?"

"Kama kichwa cha mtoto. Sasa zaidi."

Ile ilikuwa pembe aliyoimalizia mwisho, saa sita, udongo wake bado mbichi. Romana aliangalia mkono wake uliofungwa, akaangalia mlango. Akitoka, anaufungua mlango. Asipotoka, tuta linakwenda. Hakuona njia ya tatu. Hakumwomba Marsela lolote. Alikuwa amekwisha kumwomba jana, na leo alikuwa amemfungia nje; ombi lingine halikuwa na mahali pa kukaa.

Akasikia ngazi ikilia tena. Akasikia maji yakigawanywa na mtu anayetembea kwa nguvu. Kisha kishindo kizito, kama gunia lililotuliwa, karibu kabisa na ukuta, na sauti ya Marsela ikitokea chini, usawa wa kichwa chake mwenyewe.

"Nimekaa."

"Wapi?"

"Kwenye ufa. Nimekaa kwenye ufa. Usiniulize kuna baridi kiasi gani."

Basi wakakaa hivyo, mmoja ndani mmoja nje, wamepeana migongo, mlango wa matete na kipande cha ukuta kati yao. Marsela alichota tope kwa mikono yote miwili akajazia kiunoni na mapajani. Hawakuzungumza sana. Mara moja Marsela aliuliza kama mafiga ni makavu, Romana akasema makavu. Mara moja Romana aliuliza kuku wanaendeleaje, Marsela akasema wao wana raha. Mvua ilikatika jua likiwa bado lina nguvu kidogo magharibi, na maji yakaanza kupungua polepole, yakiacha mstari wa majani kwenye kuta. Yalipofika chini ya kifundo cha mguu Romana alikwangua pumba zake, akafungua mlango.

Marsela alikuwa na tope hadi kifuani. Walitazamana. Romana akamletea kitenge kikavu na uji, Marsela akanywa akiwa amekaa palepale.

Nyumbani kwa Marsela maji yalikuwa yameingia kila chumba, na kihenge chake cha mahindi kililowa chini kiasi cha dhiraa moja. Kesho yake walianika wote wawili. Sisimizi wa karibu na jiwe walifungua mlango asubuhi, jua lilipopata joto, wakatoa punje zao zilizolowa, wakazitandaza. Wale wa uchaga walishuka na mayai yao siku ya tatu. Wale wa kinuni hawakutoka. Romana alingoja wiki nzima, kisha akaacha kuangalia upande ule.

Severini alirudi Ijumaa, mto ulipompisha. Aliambiwa habari mara mbili, kwa maneno tofauti. Kwa masimulizi ya Marsela, ambayo ndiyo yaliyozunguka kijijini, aliachwa nje mvuani na mwanamke aliyemwona kama si mtu, akapanda uchaga, akashuka kwa hiari yake, akaokoa mbegu ya boma kwa makalio. Romana alipoulizwa alisema ndivyo ilivyokuwa. Wanawake kisimani walipata la kusema kwa mwezi mzima, na safari hii hawakujua wamcheke nani, kwa hiyo waliwacheka wote wawili.

Mpunga ulipandwa katikati ya mwezi wa kumi na mbili. Severini alikuja na kikapu, akapiga magoti mbele ya kilindo, akatazama kifuniko. Kidole chake kilikuwa pale, na kovu lake katikati. Alikitazama kwa muda mrefu kuliko desturi. Kisha akauvunja udongo, akaingiza mkono hadi kwenye kiwiko, hadi chini kabisa, mahali ambapo unyevu ungekuwa kama ungekuwapo, akatoa konzi ya mpunga. Akauma punje moja. Ikalia.

"Kavu," alisema. Akageuka kwa mkewe aliyesimama mlangoni. "Tuta hilo mlilijenga wawili?"

"Alilijenga yeye," Marsela akasema. "Mimi nilikuwa tofali."

Siku hiyohiyo mzee wa Usevya alikuja kumfungua Romana mkono. Ulikuwa umekonda, umepauka, lakini ulishika. Asubuhi iliyofuata, jua halijapata joto, Romana alichukua ufagio wake, akaanza kufagia, polepole, mstari kwa mstari, mpaka akafika kwenye jiwe la kusagia. Pale alinyanyua ufagio, akapita juu ya pete, akaushusha upande wa pili. Akatazama ng'ambo. Marsela naye alikuwa anafagia, na uwanjani kwake kulikuwa na mahali pawili, karibu na jiko la nje, ambapo mistari ya ufagio ilijikunja na kuacha duara la udongo lisiloguswa.

Marsela alifika mpakani, akaegemea ufagio, akaonyesha kwa kidevu tuta la mlangoni kwa Romana, ambalo lilikuwa bado limesimama, na pembe ya mlimani bado ina shimo lenye umbo la mtu aliyekaa.

"Mwakani ukijenga," alisema, "pale uweke kigoda."